Mfungo Usio na Futari

Sketi ya shule ya binti yangu niliipunguza kiuno mara mbili kabla Pasaka haijafika. Niliipunguza mwenyewe, kwenye cherehani yangu mwenyewe, na mara ya kwanza nilifurahi jinsi mshono ulivyokaa. Mimi ni fundi nguo. Nina chumba cha mbele hapa Nyasho, kinatazama barabara, na wateja wangu wengi ni wanawake. Mwili wa mtu nausoma haraka. Mteja akiingia na mimba changa mara nyingi nakuwa wa kwanza kujua, kabla hata mama mkwe wake hajaanza kunong'ona. Lakini mtoto niliyemzaa mwenyewe alikonda mbele ya macho yangu, na mimi nikaona sketi iliyopwaya tu.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo ndiyo kazi yangu, na bado sikuona.

Nianze na baba yake, maana bila yeye hamtanielewa. Tulioana kimila kwanza, kanisani baadaye. Kwao ni Butiama, kwetu ni kijiji kimoja upande wa Bunda, na ng'ombe walitoka zizi la kwao wakaja zizi la kwetu kama inavyotakiwa. Hawakukaa sana pale. Mdogo wangu wa kiume aliwachukua akaoa nao, na leo ana watoto wanaoniita shangazi. Kwa watu wetu jambo hili liko wazi: mume akiondoka kwa miguu yake, hakuna wa kudai kitu. Mke akimkataa mume, ng'ombe warudi. Sasa ng'ombe walioshaoa utawarudishaje? Utaenda kwa mdogo wako umwambie mkeo arudi kwao, dada yako amechoka na mumewe?

Mume wangu alikuwa ananunua pamba. Msimu mmoja alikwenda Bunda, msimu ukaisha, yeye akaendelea kukaa. Nikasikia ana nyumba huko na mwanamke ndani yake. Nililia kama wanavyolia wengine, nikagombana naye kwenye simu mpaka majirani wakajua mambo yetu yote. Halafu, sijui ilikuwa lini hasa, nikaacha kulia. Nikaona usingizi mtamu. Nikaona nikirudisha mlango jioni hakuna wa kuniuliza mbona mboga ni ile ile ya jana. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba, mimi na binti yangu, naye alikuwa na miaka kumi na mitano, ana akili darasani, hana maneno mengi.

Mwezi wa nane baba yake alinipigia, tukutane Kiabakari, kwa sababu ni katikati yetu. Tulikaa mgahawani pale barabarani. Akaagiza sato wa kukaanga, akamla mpaka kichwa, akanawa, ndipo akasema anataka kurudi nyumbani. Yule wa Bunda atabaki Bunda, alisema, yeye atakuwa anakwenda na kurudi. Alilisema kama mtu anayenifanyia wema.

"Hapana," nilimwambia.

"Hapana nini?"

"Usirudi. Baki hukohuko."

"Unanikataa?"

"Sijakukataa. Wewe ulishaondoka. Endelea tu kuondoka."

Alielewa haraka, maana na yeye ni mtu wa Mara. Mwanaume aliyekataliwa na mkewe hana pa kukaa kwenye mazungumzo ya wenzake. Yeye alikuwa na aibu yake, mimi nilikuwa na ng'ombe wa mdogo wangu. Tukaachana pale kila mmoja anajua atakachosema kwa watu: yeye ni mume aliyepotea, mimi ni mke anayemsubiri. Kumkataa sijutii hata leo. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani ndilo ninalolitubu. Ninachojutia ni vile nilivyoufanya ule usubirifu wangu kuwa vazi la Jumapili.

Maana mke anayesubiri lazima aonekane anasubiri. Jumapili iliyofuata mchungaji alipouliza nani ana hitaji la maombi, nilisimama nikaomba kanisa liniombee mume wangu arudi. Wanawake wakanizunguka, wakaniwekea mikono, mmoja akalia kwa sauti kuliko mimi. Tangu siku ile nikawa mtu. Wakati wa maombi waliniita mbele. Wadada walioachwa walikuja chumbani kwangu kuniuliza ninawezaje, na wakiwa pale wakapimwa, wakaacha na vitambaa vyao. Kwaya ikanipa kazi ya sare. Siwezi kusema sikuipenda heshima ile. Niliipenda sana.

Na nyumbani nikaendeleza. Kila jioni kabla ya kulala tulipiga magoti, nikaomba kwa sauti: Bwana, mrudishe baba wa nyumba hii. Ukishamdanganya mchungaji, mtoto unamwambiaje kweli? Angeweza kumwambia bibi yake Butiama, na bibi angewaambia wazee, na wazee wangeulizia ng'ombe. Nilijiambia ni kwa muda tu. Atakua, atasahau, nitamweleza akiwa mkubwa. Huku pembeni yangu mtoto alikuwa anafumba macho mpaka uso unajikunja.

Mwezi wa kumi na moja vijana wa kanisani walikuwa na semina kuhusu kufunga na kuomba. Siku moja alirudi kutoka huko akanikuta napiga kola ya shati, pini zimejaa mdomoni.

"Mama, mtoto akifunga, Mungu anasikiaga?"

Nilitoa pini. "Anasikiaga watoto kuliko sisi wakubwa."

"Hata kama ni jambo kubwa?"

"Hasa jambo kubwa," nikasema, nikarudisha pini zangu mdomoni, kwa sababu kola za watoto wa shule zilikuwa zinasubiriwa. Sentensi ile niliisema bila kuifikiria, na ndiyo aliyoishika.

Alianza kufunga siku mbili za wiki, kisha nyingine, kisha nikapoteza hesabu. Asubuhi anakunywa maji, anakwenda shule. Mimi narudi ndani giza limeshaingia, nakuta amepika, chakula changu kimefunikwa, vyombo vimeoshwa. Namuuliza umekula, anasema tayari mama. Sikuwa na sababu ya kutomwamini, mimi niliyekuwa namdanganya kila jioni. Niliona tu kwamba mfuko wa unga unadumu kuliko zamani, nikamsifu kwa kubana matumizi. Nilimsifu, jamani. Nilimwambia utakuja kuwa mama mzuri wa nyumba.

Kanisani nikatoa ushuhuda. Nilisema nina binti wa kidato cha pili anayefunga kuliko wazee wa kanisa, na watu wakacheka, wakapiga makofi. Yeye alikuwa amekaa na wenzake upande wa kwaya, ameinamisha kichwa. Nikaona ni unyenyekevu.

Krismasi tulikwenda Butiama kwa mama mkwe wangu. Yeye hajabatizwa na hana mpango. Kabla ya kula humega ugali kidogo, huutupa pembeni ya nyumba, na kuwataja waliotangulia mmoja mmoja. Alikuwa amechinja kuku kwa ajili ya mjukuu wake, akampa yeye firigisi, heshima ambayo kwa kawaida mtoto wa kike haipati.

"Nimefunga, bibi," binti yangu akasema.

"Sikukuu unafungaga?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi akaiangalia ile firigisi. "Mnawafundisha kutukataa," akaniambia mimi, si yeye. "Wazee wamekaribishwa, mtoto anasema hali nao." Alikasirika hadi tunaondoka, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwenye gari la kurudi nilimwambia binti yangu umesimama imara, hujala vya mizimu.

Alikuwa ameegemea dirisha. "Sijawakataa wazee wa bibi, mama. Hata ungepika wewe nisingekula."

Nikasikia uchamungu. Nilikuwa nimeshakuwa kiziwi wa aina hiyo, kila anachosema mtoto kinageuka ushuhuda kabla hakijafika moyoni.

Shule zilipofunguliwa Januari aliingia kidato cha tatu, na sketi nikaipunguza mara ya kwanza. Wiki hizo hizo, mchana mmoja nikiwa peke yangu, baba yake akasimama mlangoni kwangu na mfuko wa mchele begani. Alikuwa amepungua naye. Hakukaa mpaka nilipomwambia kaa.

"Yule tumeachana," akasema. "Kabisa. Sina mtu. Nimekuja kuomba."

Safari hii hakusema kama mtu anayenifanyia wema. Nilimwangalia nikatafuta ndani yangu kama kuna kitu. Kulikuwa na huruma, na huruma si mume. Nikamwambia hapana, kwa upole kidogo kuliko Kiabakari. Akauliza mtoto anajua kwamba wewe ndiye hutaki? Nikasema hajui. Akauliza nitamwambia lini, nikasema hilo niachie mimi. Akauacha mchele, akaondoka.

Binti yangu aliporudi shuleni aliuona mfuko. "Nani kaleta?"

"Mteja," nikasema.

Akaupika jioni ile, wali mzuri, chembe moja moja, akanipakulia. Nilikula peke yangu.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Nyumba ya pili kutoka kwetu ni Waislamu, wazee wao walitoka Tabora, na binti yao ni rafiki mkubwa wa wangu, wanasoma darasa moja. Mama yake ana desturi ya kutuletea sahani jioni za mfungo, tambi au viazi na maandazi ya iliki. Jioni moja yule binti alileta sahani, akaiweka mezani, lakini hakuondoka. Akasimama anachezea mkono wa gauni lililoning'inia ukutani.

"Sema," nikamwambia. "Unataka nikushonee la Idi?"

"Hapana, mama." Akaliachia gauni. "Mama, ninyi mkifunga, mnafuturuga?"

"Sisi hatuna futari. Mtu anamaliza saa aliyomwahidi Mungu, anakula."

"Sasa yeye anamalizaga saa ngapi?"

Nikasimamisha cherehani.

"Sisi tunafungaga mchana," akasema, na sauti yake ikawa ndogo, "lakini jua likizama lazima ule. Ni dhambi kujitesa. Mama yangu anatugombezaga tukichelewa. Yeye namwambiaga njoo kwetu tufuturu, anakuja, anakaa, anashika tende mkononi mpaka tunamaliza. Shuleni anakulaga kidogo akiona anataka kuanguka, uji nusu kikombe. Halagi, mama. Alisema atakula baba yake akirudi."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya Krismasi. Akaniomba nisimwambie rafiki yake kwamba yeye ndiye aliyesema, akakimbia maana adhana ilikuwa inakaribia.

Nilibaki na sahani ile. Mtoto wa dini nyingine, wa umri uleule, alikuwa amejua kwa tende moja kile ambacho mimi mama wa maombi sikukijua kwa mifuko mizima ya unga. Na kulikuwa na kitu kibaya zaidi: nilijua kwamba dawa iko kwangu. Mtoto alikuwa anamwomba Mungu jambo ambalo mimi ndiye niliyekuwa nimelizuia mlangoni. Angeweza kufunga mpaka azikwe.

Ingekuwa hadithi nzuri ningesema niliinuka pale pale nikamwambia ukweli. Sikumwambia. Nilikwenda kwa mchungaji.

Nilidhani mchungaji atamkataza na mimi nitabaki salama. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Alimwita binti yangu ofisini, mimi nikiwa nimekaa pembeni, akamwambia Mungu anatazama moyo, si tumbo, na kwamba mtoto anayekua anahitaji kula. Binti yangu alimsikiliza kwa adabu.

"Asante, mchungaji," akasema. "Nitakula akinijibu."

"Unaomba nini, binti?"

"Baba arudi nyumbani."

Mchungaji akavua miwani. Nilimwona macho yamelowa. Akanigeukia mimi. "Mama, mtoto amebeba mzigo huu peke yake. Ni mzigo wako. Kwa nini msigawane? Funga naye mchana, jioni mle pamoja, muombe pamoja."

Mwenye akili hapo angesema mchungaji, subiri, kuna jambo. Mimi nikasema amina.

Kwa hiyo nikafunga, eti. Asubuhi tukaomba pamoja, nikamwahidi kwamba jioni tutakula wote wawili, akaitikia. Akaenda shule. Saa nne njaa ikaniuma. Nikamtuma mtu chapati mbili na chai ya maziwa, nikarudisha mlango nusu, nikala nyuma ya gauni la bibi harusi lililokuwa limetundikwa, nikafuta mdomo na kipande cha bitana. Nilikula naziona chapati zinashuka na nikajiambia mimi nina kazi, siwezi kushona na kizunguzungu. Mtoto alikuwa anafanya hesabu za kidato cha tatu nacho. Jioni nikamkuta amepika. Tukakaa. Akachota kijiko cha uji, akakitia mdomoni mbele yangu, akameza kwa kunihurumia mimi. Kisha akanipakulia ugali, akasema, "Kula mama, umefunga kutwa."

Nimewahi kufanya makosa mengi, lakini sidhani kama nimewahi kuona aibu kama ya kushika tonge lile.

Bado sikusema. Siku zikapita, nikimbembeleza uji, anakunywa kidogo, anabaki alipo. Sketi nikaipunguza tena, nikajua ninachokipunguza ni nini, mikono ikaenda tu.

Kilichonisukuma ni sare ya kwaya ya Pasaka. Wanakwaya walikuja kupimwa Jumamosi mchana, wakacheka wakaondoka, akabaki yeye wa mwisho. Nikampima mabega. Nikazungusha futi kiunoni. Mtoto mdogo wa mteja, wa darasa la nne, nilikuwa nimetoka kumshonea gauni la ubatizo, na vipimo vyake vilikuwa bado kichwani. Binti yangu wa miaka kumi na mitano alikuwa ndani ya kipimo kile. Nilipoinua mkono wake nipime kwapa, ulikuwa mwepesi, baridi, na juu yake kumeota vinywele laini kama vya kichanga. Nikamuuliza hedhi yake iko vipi. Akasema haijaja muda mrefu, alidhani ni sehemu ya kujitoa.

Nikaiachia futi ikaanguka chini. Nikafunga mlango wa mbele, wateja wangoje. Nilimkalisha kwenye kiti changu cha cherehani, mimi nikakaa kwenye mkeka wa vitambaa, chini yake, maana sikuweza kulisema nikiwa juu.

"Baba yako hatarudi," nikamwambia.

"Tutaona, mama. Mungu hachelewi."

"Sikiliza. Baba yako alitaka kurudi. Alikuja hapa, kwenye chumba hiki. Yule wa Bunda alishaachana naye. Aliniomba. Mimi ndiye niliyekataa."

Nje mtu aligonga mlango, akaita fundi, akachoka akaondoka.

Nikaendelea kwa sababu kimya chake kilinitisha. Nikamwambia nilimkataa kwa sababu simtaki tena, na hilo si kosa lake wala la Mungu. Nikamwambia habari ya ng'ombe wa mjomba wake. Nikamwambia ndiyo maana nilisimama kanisani, na ndiyo maana kila jioni niliomba mbele yake jambo nisilolitaka. Nikamwambia kuhusu mchele. Nikamwambia mpaka habari ya chapati, sijui kwa nini, labda nilitaka anipige. Halafu, hata hapo, nikiwa nimepiga magoti mbele ya mtoto wangu, nikasikia mdomo wangu unasema, "Lakini usimwambie mtu. Bibi yako akijua, mjomba ataharibikiwa."

"Sitasema," akajibu.

Alikuwa anatazama mikono yake. Nilisubiri alie. Nilisubiri aniite mwongo, neno ambalo nililistahili na ambalo lingenipunguzia. Badala yake aliuliza swali kama la mwalimu.

"Alikuja lini?"

"Januari. Shule zimefunguliwa, wewe ulikuwa darasani."

Nikaona midomo yake inatembea, anahesabu miezi. "Mimi nilianza mwezi wa kumi na moja."

"Ndiyo, mwanangu."

"Akaachana na yule mwanamke. Akaja mwenyewe, bila kuitwa."

"Ndiyo."

Akainua uso, na kwa mara ya kwanza katika miezi ile niliona damu imepanda kwenye mashavu yake. "Basi alinisikia," akasema. "Mungu alinisikia, mama. Alimleta mpaka hapa mlangoni. Wewe ndiye uliyemrudisha."

Kiabakari ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Mwezi wa nane, sato wa kukaanga, wakati yeye hajaruka hata mlo mmoja. Ukweli mzima ulikuwa kwamba baba yake aliomba kurudi kabla mtoto hajafunga hata siku moja, na kwamba njaa yote ile haikuongeza wala kupunguza kitu. Niliangalia vile viganja vyake. Nikaona nikisema, nitamnyang'anya hata hicho kimoja alichopata. Au labda nilijionea huruma mwenyewe, sijui. Nimezoea sana kutosema, na mtu akizoea hawezi tena kujua sababu yake ni ipi.

"Nimekosa, mwanangu," ndilo nililosema.

Aliinuka taratibu, akashika ukuta kwanza, akaingia ndani. Nilimfuata mpaka mlango wa jikoni. Kulikuwa na ugali wa mchana umefunikwa na mchuzi wa samaki. Alijipakulia kipande kidogo, akakaa kwenye kigoda. Kesho yake ningempeleka zahanati, na nesi angenigombeza kwa haki yake, na kurudi kula kungetuchukua muda mrefu na kutapika kwingi. Hayo yote yalikuja baadaye. Pale alikuwa na sahani magotini, na mimi nimesimama.

Akafumba macho. Hakuomba kimoyomoyo, aliomba kwa sauti, kama nilivyomfundisha. Akamshukuru Mungu kwa kumjibu. Akasema sasa ameelewa, na hatamwomba tena jambo hilo. Kisha akamwomba anisamehe mimi, kwa kuwa nimemwambia ukweli wote.

Akamega tonge, akalichovya, akala. Nikamwongezea mchuzi, na ile ya mwezi wa nane sijamwambia mpaka leo.